Kufumua na kusuka upya shokapu za gari la mbio

Fundi wa shokapu husikia ombi moja kuliko mengine yote: "Nikazie." Dereva ameona gari linalala kwenye kona na kuinamisha pua kila akikanyaga breki, akaamua kwamba ugonjwa ni ulaini. Mara nyingi shokapu zake wala si laini. Zimechoka. Oili imechakaa, sili (mpira unaozuia oili isivuje) imeanza kutoa jasho, gesi imepungua, na ya kushoto haifanani tena na ya kulia. Ukikaza kitu kilichochoka, unabaki na kitu kilichochoka ambacho sasa ni kigumu.

Kwa hiyo mpangilio ninaoung'ang'ania ni huu: pima kwanza, kisha rudisha uzima, ndipo uanze kubadili tabia. Nitaandika nikichukulia kwamba kazi ya ndani inafanywa na fundi mwenye vifaa, maana ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Lakini mwenye gari anayejua kinachofanyika mezani hupata kazi nzuri kuliko anayeacha mzigo mlangoni na kuondoka.

Shokapu inafanya nini hasa

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi, inapinga mwendo wa springi na kuugeuza kuwa joto ndani ya oili. Ndani yake kuna pistoni yenye matundu, imefungwa kwenye ncha ya rodi, na kila upande wa pistoni kuna rundo la shimu, yaani visahani vyembamba vya chuma vinavyofunika matundu hayo. Rodi ikisukumwa, oili inatafuta pa kupita, shimu zinapinda na kuipisha. Rundo la upande mmoja linatawala kubonyea, la upande wa pili linatawala kurudi. Kabla shimu hazijaanza kupinda, oili hupenya kwenye kitundu kidogo ambacho kiko wazi muda wote, na mara nyingi hicho ndicho unachokibana au kukifungua unapozungusha kitufe cha nje.

Nguvu ya shokapu inategemea kasi ya rodi. Hapo wengi wanateleza, kwa sababu wanafikiria kasi ya gari. Gari linaweza kwenda kilomita 200 kwa saa kwenye lami laini huku rodi ikitambaa milimita 20 kwa sekunde. Gari hilo hilo likipanda ukingo wa njia taratibu tu, rodi inaruka. Mafundi hugawa eneo hili mara mbili. Kasi ndogo, hadi kama milimita 50 au 75 kwa sekunde, ndiko gari linakolala kwenye kona, kuinamisha pua na kukalia mkia. Kasi kubwa, kuanzia kama milimita 150 au 200 kwa sekunde kwenda juu, ndiko kwenye kingo, mashimo na viraka vya lami. Dereva anayesema gari lake ni gumu na papo hapo ni legevu hajipingi. Anaongelea kasi mbili tofauti, na fundi mzuri atalijua hilo kabla hajamaliza sentensi.

Kabla ya kufungua nati hata moja

Soma sheria za daraja unaloshindana. Madaraja mengine yanataka shokapu za aina moja zilizofungwa kwa lakiri, mengine yanakuwekea kikomo cha idadi ya vitufe vya kurekebishia, mengine yanakataza tangi la pembeni, lile dogo la oili na gesi linaloungwa na shokapu. Kazi nzuri inayokufukuzisha kwenye ukaguzi si kazi nzuri.

Kisha jua kama shokapu zako zinafunguka. Nyingi za magari ya kawaida ni za mirija miwili na midomo yake imekunjwa kiwandani, hazikukusudiwa kufunguliwa. Za mbio nyingi ni za mrija mmoja wenye gesi ya nitrojeni nyuma ya pistoni inayoelea (isiyofungwa kwenye rodi, kazi yake ni kutenga gesi na oili), muundo ulioanzishwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na ukasambaa miaka ya 1950. Ziko pia za mirija miwili zinazofunguka. Ulizia kama sili, bushi, rodi na shimu za toleo lako bado zinapatikana. Shokapu maarufu ya zamani isiyo na vipuri ni pambo la ukutani.

Na kama unafikiria kubadili springi, amua sasa. Shimu hupangwa kwa ajili ya springi fulani na uzito fulani. Anayesuka shokapu mwezi huu na kubadili springi mwezi ujao amelipia kazi mara mbili.

Namba za kumpelekea fundi

Hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea. Fundi anaweza kuwa bingwa, ila asipojua gari lako atakusukia shokapu za gari la mtu mwingine.

Anza na uzito wa kila gurudumu kwenye mizani nne, dereva akiwa kitini na helmeti yake, tangi likiwa na mafuta ya nusu mbio. Ondoa humo uzito ambao springi haibebi: gurudumu, habu, breki, na karibu nusu ya uzito wa amu za kusimamishia gurudumu. Kinachobaki ndicho springi inachokibeba.

Pima springi zenyewe. Maandishi ya pembeni ni ahadi tu. Springi mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana, na ya zamani inaweza kuwa imefupika. Fundi mwenye mashine ya kubonyeza springi atakupa jibu kwa dakika chache.

Halafu uwiano wa mwendo, namba ambayo watu huikisia ilhali kuipima ni kazi ya jioni moja. Liweke gari kwenye stendi, toa springi, rudisha shokapu peke yake mahali pake, na utenganishe stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Anzia kwenye kimo cha kawaida cha gari, inua gurudumu kwa jeki milimita 10 kwa 10, na kila hatua andika urefu wa shokapu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti. Gurudumu likipanda milimita 10 na shokapu ikafupika milimita 8, uwiano wako ni 0.8. Pima pia kwenda chini, kwa sababu katika magari mengi uwiano huo hubadilika njiani.

Mfano utaonyesha kwa nini namba hizi ni dhahabu. Chukua kona moja ya mbele: uzito unaobebwa na springi ni kilo 280, springi ni nyutoni 80 kwa milimita, uwiano 0.8. Ugumu unaofika gurudumuni si 80. Ni 80 mara 0.8 mara 0.8, yaani 51.2. Likiwa na ugumu huo na uzito huo, gari linataka kupanda na kushuka karibu mara 2.15 kwa sekunde. Kipo kiwango cha upinzani ambacho gari likibonyezwa na kuachiwa hurudi mahali pake bila kupitiliza hata kidogo. Hupatikana kwa kuzidisha ugumu (51,200 kwa mita) na uzito (280), kutoa kipeuo cha pili, kisha kuzidisha kwa 2. Kwa kona yetu ni kama 7,570, yaani nyutoni kwa kila mita moja kwa sekunde ya mwendo. Gari la familia hukaa karibu na robo ya kiwango hicho ili abiria wasilalamike. Gari la mbio, kwenye kasi ndogo ya rodi, huanzia kwenye asilimia 65 au 70. Asilimia 65 ya 7,570 ni kama 4,920 gurudumuni. Gawanya kwa 0.64 (0.8 mara 0.8) ili uirudishe kwenye shokapu yenyewe, unapata kama 7,690. Kwa rodi inayokwenda milimita 50 kwa sekunde, hiyo ni nguvu ya nyutoni 385.

Hiyo 385 ni wastani wa pande mbili. Kwa kawaida upande wa kurudi hupewa zaidi, tuseme 460, na wa kubonyea 310. Kwenye kasi kubwa asilimia inashushwa sana ili tairi liweze kufuata lami badala ya kurushwa nayo, na ndiyo maana mchoro wa nguvu dhidi ya kasi wa shokapu nyingi za mbio hupanda haraka mwanzoni kisha ukalala. Hesabu hii haikupi shokapu ya ushindi. Inakupa mahali pa kuanzia penye akili, na zaidi ya yote inakupa namba ya kumwonyesha fundi badala ya neno "kaza".

Mwisho, mwendo unaotumika. Funga kibana cha plastiki cha nyaya kwenye rodi, kisukume hadi chini, kazunguke mizunguko kadhaa, rudi uone kimefika wapi. Ukikuta kimegandamizwa kwenye mpira wa kuzuia, gari lako linatembelea mpira, na hakuna shimu itakayotibu hilo. Inua gari, au weka springi ngumu zaidi, kisha urudi kwenye shokapu.

Maneno ya dereva

Namba hazitoshi, kwa sababu mwenye kuhisi ni dereva. Ila muulize kwa vipande. Anapokanyaga breki, pua inaporomoka mara moja au inashuka polepole? Anapoingiza usukani, pua inaitikia au inasita? Katikati ya kona, gari limetulia au linatafuta pa kwenda? Anapokanyaga mafuta, mkia unashika au unatoka? Akipanda ukingo, gari linatua au linaruka tena mara ya pili? Andika jina la kona pembeni ya kila jibu. Kama gari lina kinasa data chenye vihisi vya mwendo wa shokapu, mpe fundi mafaili yote. Ataona rodi inatumia muda wake mwingi kwenye kasi zipi, na hapo mabishano mengi hufa yenyewe.

Siku ya kupeleka

Osha shokapu kwa nje. Andika kila moja mahali pake: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mimi niliwahi kupeleka nne bila alama nikidhani za mbele zinajulikana kwa urefu. Zilikuwa na urefu mmoja na mwili mmoja, tofauti ilikuwa shimu tu, na tulipoteza siku nzima tukitafuta ipi ni ipi. Andika pia vitufe viko kliki ngapi kutoka kufungwa kabisa, na kiti cha springi kiko umbali gani kutoka ncha. Toa springi.

Gesi usiitoe. Fundi atataka kupima iliyobaki, kwa kuwa shokapu iliyokuja na nusu ya gesi yake imeshaeleza nusu ya ugonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kama unatuma kwa kampuni ya usafirishaji, sema wazi kwamba ndani kuna gesi iliyoshindiliwa. Baadhi huiweka kwenye kundi la mizigo ya hatari na wana utaratibu wake.

Mashine kwanza, spana baadaye

Ombi langu la kwanza kwa fundi yeyote ni kwamba apime shokapu kabla hajaifungua. Mashine ya kupimia, ambayo wenye kazi huiita daino, inasukuma na kuvuta rodi huku ikipima nguvu kwenye kila kasi. Kasi ya juu ya rodi kwenye mashine ya kawaida ya mkono unaozunguka ni rahisi kukokotoa: 3.14 mara urefu wa mwendo mara mizunguko kwa sekunde. Mwendo wa milimita 50 kwa mzunguko mmoja kwa sekunde unakupa milimita 157 kwa sekunde. Kwa hiyo ukiambiwa shokapu "imepimwa", uliza imepimwa hadi kasi gani. Iliyopimwa hadi 100 pekee haijakuambia lolote kuhusu kingo za njia.

Shokapu ipashwe moto kwanza kwa mizunguko kadhaa, na joto lake liandikwe kwenye karatasi. Oili ya baridi ni nzito, ya moto ni nyepesi. Michoro miwili iliyopigwa kwa joto tofauti hailinganishiki.

Mchoro huo wa kabla una faida tatu. Unaonyesha kama kushoto na kulia vimeachana. Unaonyesha mapovu: mahali ambapo rodi inageuza mwelekeo na nguvu inachelewa kupanda, mchoro unakuwa na bapa au pengo. Na unakupa kitu cha kulinganisha baada ya kazi. Bila huo, fundi akisema "sasa ziko safi", utakubali tu.

Mezani

Gesi hutoka kwanza, yote, kupitia vali yake, fundi akiwa amevaa miwani ya kinga. Hii si tahadhari ya maandishi tu. Kifuniko kinachofunguliwa wakati ndani bado kuna shinikizo la baa 10 kinaweza kutoka kama risasi. Ukimwona mtu anapuuza hatua hii, chukua shokapu zako uondoke.

Baada ya hapo mwili unabanwa kwenye jiriwa yenye mataya laini, kichwa kinafunguliwa, rodi inatoka na pistoni yake. Oili ya zamani ina habari, iangalie kabla haijamwagwa. Nyeusi na yenye harufu ya kuungua imepikwa na joto. Yenye mng'aro wa fedha imebeba unga wa chuma kutoka kwenye silinda au pistoni, na hapo lazima chanzo kitafutwe. Yenye rangi ya maziwa imeingia maji.

Rundo la shimu hutolewa kwa mpangilio wake na kutungwa kwenye waya kama shanga. Kila shimu inapimwa unene kwa maikromita na kipenyo kwa kalipa, na vyote vinaandikwa. Shimu iliyopinda, yenye ufa ukingoni au iliyoacha alama ya duara kwenye uso inatupwa. Nimeona rundo zima likirudishwa kwa sababu "zinaonekana nzima". Shimu ya milimita 0.10 iliyopinda huwezi kuiona kwa jicho, iweke juu ya kioo kisha uibonyeze ukingoni kwa kidole.

Rodi inazungushwa juu ya vitako viwili huku saa ya kupimia ikigusa katikati, ionekane kama imepinda. Mkwaruzo unaoshikwa na ukucha utakata sili mpya ndani ya siku chache, basi rodi hiyo inapakwa kromu upya au inabadilishwa. Silinda inaangaliwa kwa taa kutoka ndani. Sili, oringi, kifuta vumbi, mkanda wa pistoni na oili vinabadilishwa bila mjadala. Bushi ya rodi ipimwe. Ikiwa na mchezo, sili mpya haitadumu. Beringi za ncha nazo zisisahauliwe: zikigonga, dereva ataamini ni shokapu na utarudi kwa fundi bure.

Kupanga shimu

Ugumu wa shimu hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Shimu ya 0.20 si ngumu mara mbili ya 0.10, ni mara nane. Ya 0.15 ni kama mara 3.4. Ndiyo maana fundi anaweza kutoa nane nyembamba na kuweka moja nene, akapata ugumu ule ule kwa hesabu. Ila tabia hazifanani kabisa, kwa kuwa shimu nyingi zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na rundo lake ni refu zaidi. Kipenyo nacho kina neno: kadiri shimu ya kuegemea, ile ndogo ya mwisho wa rundo, inavyokuwa na kipenyo kidogo, ndivyo rundo zima linavyopinda kwa urahisi.

Kuna pia umbo la pistoni. Yenye uso bapa huwapa shimu uhuru wa kuanza kufunguka mapema, na nguvu hupanda taratibu pamoja na kasi. Yenye uso wa sahani huzikaza shimu kabla oili haijafika, hivyo nguvu huwa kubwa kwenye kasi ndogo, halafu rundo likishafunguka mchoro unalala. Ile ya pili ndiyo inayompa dereva usukani mwepesi kuitika bila kumvunja mgongo kwenye kingo. Kwa njia ya vumbi na mashimo, ambako gurudumu halitulii hata sekunde, wengi hurudi kwenye uso bapa, wenye mchoro ulionyooka zaidi.

Mwambie fundi kitu kimoja zaidi: mpangilio wa kuanzia ukae katikati ya safari ya vitufe. Shokapu inayofanya kazi vizuri ikiwa imefungwa kliki zote imesukwa laini mno, na siku mvua ikinyesha au njia ikibadilika hutakuwa na pa kwenda. Pia vitufe vingi huvuja kwa jirani: unakaza kurudi, kubonyea nako kunapanda kidogo. Si kasoro, ni maumbile ya kitundu kimoja kupitisha oili pande zote mbili, lakini lazima ujue kwa kiasi gani.

Oili, hewa na gesi

Kusuka kwenyewe ni usafi na subira. Meza iwe safi kama ya daktari. Punje moja ya mchanga chini ya shimu inaifanya shokapu iwe laini kwenye kasi ndogo na utaitafuta sababu mwezi mzima. Nati ya pistoni inakazwa kwa spana ya kipimo, kwa namba ya mtengenezaji, si kwa nguvu ya mkono. Oili inajazwa taratibu, pistoni inapandishwa na kushushwa polepole hadi povu la mwisho litoke, na wenye vifaa hutumia pampu ya kunyonya hewa.

Pistoni inayoelea inawekwa kwenye kina maalumu, kwa sababu rodi ikiingia inachukua nafasi na oili haibonyei. Rodi ya milimita 14 ikiingia milimita 100 inasukuma sentimita za ujazo 15.4, kwenye silinda ya milimita 46 pistoni inayoelea itarudi nyuma karibu milimita 9.3. Chumba cha gesi kikiwa kifupi, shinikizo linapaa na shokapu inakuwa springi ya pili. Pistoni ikikaa mbali mno upande wa oili, pistoni kuu inaweza kuigonga.

Gesi ni nitrojeni kavu. Hewa ya kompresa ina unyevu na oksijeni, na haifai. Shinikizo lenyewe lina hesabu yake. Kwa silinda ile ya 46 na rodi ya 14, eneo linalosukuma oili ni kama milimita za mraba 1,500, hivyo baa 10 zinaruhusu karibu nyutoni 1,500 za kubonyea kabla oili nyuma ya pistoni haijaanza kutoa mapovu, kama shokapu haina vali nyingine kwenye kitako au kwenye tangi la pembeni. Ukitaka nguvu zaidi ya hapo, gesi lazima ipande. Lakini gesi hiyo hiyo inaisukuma rodi nje: baa 10 kwenye rodi ya 14 ni nyutoni 154, kama kilo 16 za kuinua gari kwenye shokapu. Ndiyo sababu gari linaweza kurudi kutoka kwa fundi likiwa refu kidogo kuliko lilivyokwenda.

Karatasi ya baadaye

Usipokee shokapu bila mchoro mpya uliopigwa kwa kipimo kile kile na joto lile lile kama ule wa kwanza. Weka kushoto juu ya kulia. Mimi nakubali tofauti ya asilimia 5. Ikizidi, namwomba fundi afungue tena, na fundi anayejiheshimu hanuni. Omba mchoro wa vitufe vikiwa vimefungwa kabisa, katikati, na wazi kabisa. Ukiona kliki nne za kwanza zinabadili kila kitu na kumi zinazofuata hazibadili chochote, andika hivyo kwa kalamu juu ya karatasi, kwa maana hizo nne ndizo kliki ulizonazo. Omba pia orodha ya shimu ilivyosukwa, aina ya oili, kina cha pistoni inayoelea na shinikizo la gesi. Wapo mafundi wanaoficha orodha ya shimu wakisema ni siri ya jikoni. Mimi siwapelekei tena kazi.

Kuzirudisha garini

Zifunge, kisha pima kimo na uzito wa magurudumu upya, halafu uelekeo wa magurudumu. Kabla ya hapo, springi zikiwa bado nje, pitisha kila gurudumu kwenye mwendo wake wote uone hakuna mrija wa tangi unaobanwa wala mwili unaogusa amu. Mizunguko mitatu ya kwanza iwe ya polepole, urudi, uguse kila shokapu kwa mkono. Iliyo baridi huku mwenzake ni ya vuguvugu haifanyi kazi. Futa rodi kwa kitambaa cheupe: unyevu mwembamba kama pumzi kwenye kioo ni wa kawaida kwa sili mpya, tone si la kawaida.

Kliki zihesabiwe kila mara kutoka kufungwa kabisa, na kitufe kikigota usilazimishe. Sindano ya ndani, inayobana kile kitundu, ni ndogo na kitako chake ni laini. Anza na vitufe vyote katikati. Nenda upande mmoja wa gari kwa wakati mmoja, mbele au nyuma, na piga hatua kubwa mwanzoni, kliki tatu au nne, ili dereva ahisi tofauti bila kubuni. Kurudi kukizidi, gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta linalofuata. Gari linajivuta chini hatua kwa hatua, dereva anasema mshiko unapotea katikati ya kona yenye viraka, na ukiliangalia kwa nyuma unaona tairi la ndani linaning'inia. Kubonyea kukizidi, gari linadunda kama mpira na kuteleza upande kwa vipande vipande. Kurudi kukipungua, mwili unaendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kupita. Dereva akisema hakuna kilichobadilika, rudisha ulikotoka kabla ya kugusa kingine.

Andika saa za matumizi. Kwa lami na mbio fupi, wengi hufumua mara moja kwa msimu. Kwa mbio za vumbi ni mapema zaidi, na baada ya mbio moja ngumu yenye maji na tope usisubiri msimu uishe. Shinikizo la gesi usilipime kila wikendi kwa geji ya tairi, kwani chumba chenyewe ni kidogo na kila ukichomeka geji kinapoteza sehemu ya gesi. Mwachie fundi, na ukirudi kwake mpelekee ile karatasi ya mwisho ikiwa na kliki zako za sasa zimeandikwa pembeni.